Rangi mpya haikaushi ukuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa huku mwisho wa reli, hasa wa kwetu Mwanga, kuhusu kuta zinazopakwa rangi kila mpangaji anapohama.

Mimi ni fundi cherehani, napanga chumba na sebule, na vitenge vya wateja nalala navyo humo humo. Dalali alinionyesha nyumba mwezi wa nane, kiangazi, rangi bado inanukia. Nikalipa kodi ya miezi sita, na ya dalali juu yake. Mvua zilipokolea, rangi ikavimba kama chapati. Ukiibonyeza inapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Nyuma ya kabati ukuta ukaota kuvu nyeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Begi la shule la binti yangu likafanya ukungu, na kifua chake cha pumu kikaanza kubana usiku. Kitenge cha mteja kikishaota vile vidoa vyeusi, sabuni haivitoi. Unalipa.

Mwenye nyumba ni mtu mzima, namheshimu. Jibu lake: "Mwanangu, mnapikia ndani, mnaanika nguo ndani, ukuta utaachaje kulowa?" Hakukosea kabisa. Mvuke wa sufuria na nguo mbichi ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji. Basi jiko nikalitoa kibarazani (mkaa ndani ya chumba ni hatari kuliko hiyo kuvu), kabati nikalisogeza mbali na ukuta, mvua ikikatika nafungua madirisha yote.

Ukuta haukujali. Ndipo mwashi mmoja jirani akanielekeza: kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili hivi. Kikilowa upande wa chumbani, maji ni ya hewa ya ndani, hayo ni yako mpangaji. Kikilowa upande wa nyuma, maji yanatoka ukutani. Changu kililowa nyuma. Akachimbua kidogo uani, akanionyesha: tofali za kuchoma zimepandishwa juu ya msingi bila nailoni ya kuzuia unyevu, udongo umejaa mpaka umepita msingi, na bati halina mfereji, kwa hiyo maji yote ya paa yanapiga chini ya ukuta ule ule.

Hapo rangi itasaidia nini? Ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, inafungia maji ndani mpaka plasta ibanduke. Kazi ya kuanza nayo ni mfereji wa bati na kuteremsha udongo chini ya msingi. Ukuta ukikauka ndipo uguse plasta.

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa na kuta kuu, na chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza. Mikataba yetu ya ukurasa mmoja inasema tu "matengenezo madogo ni ya mpangaji", na kuvu nayo inahesabiwa ndogo.

Kwa wanaosugua kuvu: klorini ya kufulia msiichanganye na dawa ya choo wala siki. Inatoa hewa ya sumu, na vyumba vyetu vina kidirisha kimoja.

Mzee nimemwomba aweke mfereji kabla sijalipa miezi sita mingine, na nipo radhi ninunue mabati mimi, tukatane kwenye kodi, mradi tuandikishane. Amesema atafikiria. Wenzangu mnaotafuta vyumba, nendeni mkavione mwezi wa tatu mvua ikinyesha, na mwombeni dalali asogeze kabati.

Mpangaji,
Mwanga, Kigoma