Asante, dada wa maktaba ya Dublin

Dada yangu, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Ulitueleza kwa upole kwamba sensa za Ireland za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, ukatuelekeza kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki. Humo tukamkuta babu wa babu yake mume wangu, mtoto wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, aliyebatizwa kabla ya njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845. Mwandiko wa padri ulikuwa umefifia, tena Kilatini. Uliukuza kwenye kompyuta, ukatusomea herufi kwa herufi: jina lake, la mama yake, na majina ya wasimamizi wake wa ubatizo. Wanangu sasa wanajua alikotoka kabla ya kuhamia Boston. Mwenyezi Mungu akubariki sana.