Balbu na chaja za bei chee zinatunyima redio

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu balbu za LED na chaja za bei chee zilizojaa madukani. Mama yangu husikiliza redio kila jioni. Taa ya sebuleni ikiwashwa, taarifa ya habari yote inamezwa na mkwaruzo. Ikizimwa, sauti inarudi. Ndani ya vifaa hivi umeme hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kichujio cha kuzuia kelele za umeme kisipowekwa ili kuokoa gharama, kelele hizo husafiri kwenye nyaya mpaka kwa jirani. Simu lazima ziidhinishwe na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndipo ziuzwe nchini. Balbu na chaja nazo zipimwe kwa ukali uleule, tena bandarini, kabla hazijasambazwa mitaani.

Msikilizaji wa redio,
Morogoro