Marashi ya Amboni yamemdhuru nani?

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga hakuishi maneno juu ya watu wanaopeleka matambiko mapango ya Amboni. Ukifika penye mzimu utakuta chupa za marashi, vitambaa na sarafu. Wapita njia hucheka: ushamba huo!

Haya, na sisi je? Muislamu huizunguka Kaaba mara 7, Mkristo hula mwili wa Bwana. Kwa asiyezoea, hayo nayo ni vituko. Kinachotofautisha mara nyingi ni mazoea tu, wala si akili.

Mimi nauliza mawili: nani anaumia, na je, anaweza kukataa? Chupa ya marashi pangoni haimdhuru mtu (anayeokota takataka atalalamika, na ana haki). Lakini Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa wafunge ili wakamwone Yesu. Kufunga! Ibada gani tunayoijua zaidi ya hiyo? Mtoto angemkatalia nani?

Moshi nako, Februari 2020, watu 20 walikufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Mafuta hayakuua mtu. Umati uliosukumana ndio ulioua, na hilo ni suala la milango na usalama, si la imani.

Wanaotaka matambiko ya Amboni yapigwe marufuku waeleze kwanza madhara yake.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga