Juma, zimeni swichi kwanza

Kwako ndugu yangu Juma,

Habari za Mwanza? Sisi huku Dar hatujambo, Mama Zuhura mguu umepona na anakusalimia. Nilikusudia kukuandikia tangu Iddi, lakini yale uliyonisimulia kwenye simu juzi ndiyo yaliyonikalisha chini.

Ulisema umeme ulikatika, lifti ikasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, walinzi wakaupasua mlango kwa nondo wakamshusha yule dada kwa kumshika miguu. Ulifurahi, na mimi nikamshukuru Mungu. Lakini usiku sikulala. Sakafu ya kebini, kile chumba cha lifti kinachobeba watu, ikiwa juu ya sakafu ya ghorofa, chini yake hubaki uwazi, na uwazi ule ndio shimo lenyewe. Mtu akiteleza kwa tumbo anatua ukingoni, mwili unarudi nyuma, anatumbukia. Lipo bati chini ya kizingiti cha kebini la kuziba hapo, ila halifiki mbali. Na umeme ungerudi je, kufuli la mlango mmeshaliharibu kwa nondo?

Kwa hiyo swichi kubwa ya lifti kwanza, Juma. Izimwe hata kama umeme umekatika wenyewe.

Sisi mafundi wa lifti huenda wawili. Mmoja hukaa chumba cha mashine, mwenzake husimama mlangoni akiongea na walio ndani. Kuongea huko usikudharau, watu hutulia wakisikia sauti. Waambie hewa inaingia, na kamba za chuma si moja. Waambie pia kuna breki zinazong'ata reli lifti ikizidisha kasi. Wasiegemee mlango, wasijaribu kuufungua. Ndipo yule wa chumba cha mashine hulegeza breki ya mashine kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka kebini ilingane na ghorofa, na abiria hutoka kwa miguu yao. Mara nyingi kebini yenye watu wachache hupanda badala ya kushuka, kwa sababu ule mzigo wa chuma unaoning'inia upande wa pili wa kamba unaizidi uzito. Asiyejua akiiachia breki yote kwa mpigo... basi, tuyaache.

Hiyo si kazi ya walinzi. Wao wazime swichi, waongee na abiria, wamwite fundi. Aliye ndani akiwa na pumu au amezidiwa, pigeni zimamoto 114 bila kusubiri mtu.

Kila nikifumba macho naiona ile miguu ya yule dada ikining'inia, na chini yake giza. Ninaomba unikubalie nije siku moja niwafundishe vijana wako. Nauli nitajilipia.

Yule dada anaendeleaje, bado anapanda lifti? Ule ufunguo wa pembetatu wa milango anakaa nao nani? Kengele ya ndani inalia umeme ukikatika, na taa ya dharura inawaka? Namba ya fundi imebandikwa mahali walinzi wanapoiona usiku? Mlango ule umetengenezwa, au watu wanapita tu mbele yake? Na shemeji, amejifungua salama?

Nijibu upesi.

Ndugu yako,
Seif