Mume wangu aliidharau orodha yangu ya vitabu mbele ya wageni: je, niipunguze sasa?

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia alfajiri hii kabla basi la watumishi halijapita, kwa kuwa usiku mzima sikupata usingizi na sina mtu mwingine wa kumweleza jambo hili akanisikiliza hadi mwisho. Ninajua wapo wanaokuletea mambo mazito ya ndoa, watu waliopigwa na waliotelekezwa, na huenda langu likaonekana dogo likiwekwa kando ya hayo, lakini kwangu si dogo. Ninaomba unisaidie kupunguza orodha ya vitabu ninavyokusudia kusoma, ambayo imekua hadi imenishinda, na ninaomba unisaidie kuipunguza bila kumpa mume wangu nafasi ya kuamini kwamba maneno aliyoyasema mbele ya wageni yalikuwa ya kweli.

Alichosema ni hiki. Siku ya kipaimara cha mtoto wetu wa pili nyumba ilikuwa imejaa: mawifi na mashemeji kutoka Mpwapwa, wazee wa kanisani, majirani na baadhi ya wenzangu wa ofisini. Daftari langu lilikuwa juu ya kabati la vyombo, mahali linapokaa siku zote. Alilichukua, akafungua kurasa za mwanzo, akaanza kusoma majina ya vitabu kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio, na alipofika chini ya ukurasa akalifunga na kusema, "Mke wangu hasomi vitabu, anavitunzia kumbukumbu." Watu walicheka. Wifi yangu mkubwa alicheka hadi akaweka sahani ya pilau chini. Wenzangu wa ofisini nao walicheka, na hao ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu mimi kazi yangu ni mtunza kumbukumbu katika masjala ya wizara, na wao wanaijua vizuri tofauti ya mtu anayesoma jalada na mtu anayelipanga tu kwenye rafu.

Si kweli kwamba sisomi. Ninasoma ndani ya basi wakati wa kwenda kazini Mtumba, maana asubuhi watu huwa wamesinzia na hapana kelele, na ninasoma usiku watoto wakishalala. Kwa wastani ninamaliza kitabu kimoja kwa mwezi, na wakati wa likizo ninaweza kumaliza viwili au zaidi. Ni wangapi unaowafahamu wanaofanya hivyo, wakiwa na kazi, watoto na mifugo ya kuangalia? Yeye mwenyewe kwa muda mrefu sasa hajafungua kitabu kisichohusu kazi yake, na jioni zake zote zimekwenda kwenye simu. Simlaumu kwa hilo, kwa kuwa anachoka, lakini asiyesoma hakupaswa kuwa wa kwanza kunihesabia.

Hesabu nilikwisha kuifanya mwenyewe, tena kabla ya kipaimara, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Daftari lina vitabu zaidi ya 400. Nikisoma vitabu 15 kwa mwaka, ambayo ni hesabu ya mtu mwenye bidii, nitahitaji zaidi ya miaka 26 ili kuvimaliza, na hiyo ni endapo sitaongeza hata kimoja. Nina umri wa miaka 43. Nikifika 60 nitastaafu kwa lazima, na kufikia siku hiyo nitakuwa nimesoma vitabu 255 tu. Nilipoona hivyo niliamua kwamba orodha lazima ipunguzwe, na nilikuwa nimepanga kuanza kazi hiyo baada ya sherehe, nyumba ikitulia. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wangu. Sasa nikipunguza ataona kwamba maneno yake ndiyo yaliyonitia akili, na wifi atasema hivyohivyo, na nisipopunguza nitabaki na mzigo ambao mimi mwenyewe siutaki.

Daftari lenyewe ni kaunta buku nene lenye mgongo wa kitambaa chekundu, nililolinunua Dar es Salaam nilipoanza kazi, kabla wizara hazijahamia huku. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa rula na kuugawa katika safu nne: jina la kitabu, mwandishi, aliyenitajia, na tarehe. Kurasa za mwanzo wino umefifia, nyingine zina vumbi jekundu la Dodoma ambalo halitoki hata ukilipangusa. Ninalieleza hivi ili ujue kwamba si karatasi ya kuchorachora.

Nimejaribu kufikiri ni wapi pa kuanzia, na mambo yanagongana. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, niliandika riwaya zake zote kumi katika jioni moja, kwa furaha ya kuona mzaliwa wa Zanzibar amefika pale. Sasa ninaona haikuwa lazima kuziandika zote, kwa kuwa mtu anaweza kuanza na moja, na mwaka 2022 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya mojawapo, iliyoitwa Peponi, ambayo ningeisoma kwa raha zaidi kuliko Kiingereza. Tisa zinaweza kusubiri. Hapo sina ugomvi. Lakini Januari 2020, Euphrase Kezilahabi alipofariki, niliandika pia riwaya zake sita, na kwa huyo sioni ninayoweza kuiacha. Nilimsoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikikariri wahusika na dhamira, na ninataka kumsoma nikiwa mtu mzima. Riwaya zake mbili za mwisho ni nyembamba sana, unaweza kudhani utazimaliza kwenye basi kwa siku mbili, na kumbe ukurasa mmoja unaweza kukuweka jioni nzima. Ndiyo maana hata hiyo hesabu ya vitabu 15 kwa mwaka siiamini sana, kwa kuwa vitabu havilingani.

Kisha kuna vile visivyopatikana. Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa Bahi, na Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa hukuhuku kwetu Dodoma mwaka 1917, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapishwa mwaka 1954. Kimo katika orodha yangu tangu ukurasa wa pili. Sijawahi kukiona dukani. Rafiki yangu mmoja ananishauri kwamba kitabu kisichopatikana kifutwe, kwa kuwa hakuna maana ya kubeba jina la kitu usichoweza kukishika, na kwa vitabu vingine ninakubaliana naye, lakini kwa hiki siwezi, maana nikikifuta nani atakayenikumbusha kukiulizia? Vipo pia vile nilivyokuwa navyo mkononi. Tulipohamia huku tuliweka sanduku la vitabu stoo, chini, juu ya sakafu, na mchwa wakaingia kwa nyuma na kula hadi yakabaki majalada na udongo. Vile ambavyo sikuwa nimevisoma bado vimo kwenye daftari.

Vya ufugaji wa kuku na kilimo cha zabibu nitavifuta leo hii, havikuwa vyangu, watu walinipa majina yake kwenye semina. Vya ujasiriamali pia. Hivyo peke yake si vichache, na vikitoka nitapumua.

Kazini, Shangazi, jambo hili lisingenisumbua. Sisi tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002, na tuna mwongozo unaosema kumbukumbu za aina fulani zikae miaka mingapi. Majalada yanayotumika yanakaa masjala. Majalada tuli, yale ambayo hayaulizwi kila siku lakini bado yana umuhimu, yanapelekwa Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, ambacho kiko hapahapa Dodoma. Yaliyokwisha muda na hayana thamani yanateketezwa, lakini si kwa matakwa ya karani, bali kwa idhini ya wenye mamlaka. Nilifikiri kuifuata njia hiyo nyumbani: vitabu 30 vya kusoma miaka hii miwili vibaki katika daftari jipya, vingine viwekwe katika orodha ya tuli ambayo nitaifungua mara moja kwa mwaka, na vilivyobaki vifutwe kabisa. Ni utaratibu mzuri na ninauamini. Lakini kila ninapoukumbuka ninasikia lile neno, "anavitunzia kumbukumbu," na ninaona kwamba nikiutumia nitakuwa nimemthibitishia mbele ya watu wote waliocheka. Amenichukulia hata kazi yangu, kiasi kwamba siwezi kuitumia ndani ya nyumba yangu bila aibu.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, ambaye siku ile alicheka na baadaye akaja kunitaka radhi, ameniambia nilichome daftari na kuanza upya, kwa sababu kitabu ninachokitaka kweli nitakikumbuka bila kukiandika. Mwingine anasema nisome kurasa 50 za kila kitabu, nisichokipenda nikiache. Ushauri wa huyu wa pili nimeupokea. Wa kwanza siukubali, na sababu yake ni ile safu ya tatu.

Safu ya tatu ina majina ya watu. Yumo mzee wetu wa masjala kule Dar es Salaam aliyenifundisha kazi na ambaye sasa ni marehemu. Alinitajia vitabu vingi wakati wa chai, na nilikuwa nikiviandika palepale huku akiongea. Yumo mwalimu wangu wa sekondari. Yumo binti yangu mkubwa, aliyeniandikia kitabu kimoja kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa darasa la tano. Na yumo baba watoto. Jina lake limo mara nyingi kuliko la mtu mwingine yeyote, hasa katika kurasa za mwanzo, kwa kuwa wakati wa uchumba yeye ndiye aliyekuwa msomaji kunizidi, na kila tulipokutana alikuwa na kitabu cha kunisimulia. Vile vitabu alivyovisoma kwa sauti siku ya kipaimara, vile ambavyo watu walivicheka, karibu vyote ni yeye aliyenitajia. Hakutambua. Alisoma safu ya kwanza peke yake.

Sikusema kitu siku ile, na sijasema hadi leo. Ningesema nini mbele ya mawifi? Na sitaki aniombe radhi, maana radhi ya kuombwa haina ladha, ingawa angeniomba bila kuambiwa, mbele ya walewale waliomsikia, nadhani ningelala usingizi.

Usiku wa kuamkia leo, saa nane, niliamka nikaketi jikoni na kalamu nyekundu ili kazi hii iishe. Nilianza na vitabu vyake. Nilisema moyoni kwamba yeye ndiye aliyeviona havina maana, basi na viondoke vyake kwanza, na nilikata viwili, vya mwaka 2006. Cha tatu kilinishinda. Nilikumbuka tulikuwa tumekaa wapi aliponisimulia, na jinsi alivyokataa kuniambia mwisho wake ili nikasome mwenyewe, na kumbe sikukipata wakati ule na baadaye nikakisahau. Niliiweka kalamu chini. Wala sikuweza kurudi kitandani, nikabaki pale hadi jogoo wa jirani akawika.

Kwa hiyo ninaomba ushauri, Shangazi. Je, ni haki kukifuta kitabu ambacho mtu alinitajia kwa moyo wake, hata kama yeye amekisahau? Nikivifuta vyake vyote nitakuwa ninapunguza orodha au ninalipiza? Na je, nimwoneshe ile safu ya tatu tukiwa wawili tu, nimwache asome jina lake mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa, au nikifanya hivyo nitakuwa ninamwaibisha alivyoniaibisha mimi? Wakati mwingine ninataka aione leo jioni. Wakati mwingine ninataka kulifungia daftari kabatini asilione tena maishani mwake.

Nimeshaamua kwamba orodha itapungua, iwe kwa jina lake au kwa langu, na ikiwezekana ifike vitabu 100. Naomba uniambie tu nianze na vipi, na nifanye hivyo kabla au baada ya kuzungumza naye. Mwisho wa mwezi tunakwenda Mpwapwa kwenye sendofu ya binti wa yule wifi aliyecheka, na watu watakuwa walewale. Yeyote akiniuliza habari za daftari, ningependa niwe na la kumjibu, na ningependa zaidi mume wangu awe wa kwanza kumjibu kabla yangu.

Tafadhali usichapishe jina langu, wala la wizara.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma