Giza Lenye Saa Yake: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usambazaji wa Umeme

YAH: KUKATIKA KWA UMEME KATIKA MWEZI ULIOPITA WA MAJIRA YA BARIDI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mteja wa kawaida, nisiye na cheo wala utaalamu wa umeme, ila nina daftari. Upande wa mbele wa daftari hilo huandika vitabu ninavyosoma na tamthilia ninazotazama, tarehe niliyoanza na tarehe niliyomaliza. Ni mazoea yangu ya miaka mingi. Mwezi uliopita nililigeuza, nikaanza kuandika upande wa nyuma kila mara umeme ulipokatika: saa ulipokwenda, saa uliporudi, na kama tuliambiwa mapema au hatukuambiwa. Sikukusudia kukusanya malalamiko. Nilitaka kujua kwa nini baadhi ya jioni za giza ziliniacha nimetulia, na nyingine ziliniacha na hasira za kunikosesha usingizi.

Mwezi ulipoisha nikajumlisha. Umeme ulikatika mara 23. Mara 9 mlitutangazia siku moja kabla, kwa ujumbe wa simu, kwamba eneo letu litazimwa kwa saa mbili ili kupunguza mzigo wa jioni. Jumla yake kwa ratiba yenu ni saa 18, na haki niseme kwamba mara 7 kati ya hizo mlizima na kuwasha kwa wakati mliousema. Mara 14 hatukuambiwa kitu. Kati ya hizo 14, moja ilikuwa ya usiku wa dhoruba, ambapo tulikaa saa 11 bila umeme. 7 zilidumu kati ya dakika 20 na saa moja na nusu, kwa pamoja kama saa 6. Na 6 zilizobaki hazikufika dakika 5 kila moja. Ukizikusanya zote zisizotangazwa unapata saa 17 na dakika kadhaa. Kwa hesabu ya saa, basi, giza lililotangazwa lilikuwa refu kidogo kuliko lile lililotujia ghafla. Lakini katika zile saa 18 nilisoma vitabu vitatu, na katika hizi 17 sidhani kama nilisoma kurasa 20.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, na naomba uvumilivu wako niieleze kwa jioni mbili.

Jioni ya kwanza ni ya wiki ya pili ya mwezi. Ujumbe wenu ulisema tutazimiwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Kwa kuwa nilijua, mchana nilichaji taa ya kusomea na simu, nikajaza chupa mbili za chai, nikapasha joto chumba kimoja tu na kufunga milango ya vingine, kisha nikaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo lililokunjwa. Saa kumi na mbili ilipofika jokofu likanyamaza, na ule mvumo wake nikautambua ulipokoma. Hita nayo ikabaki ikialika kidogo kidogo kama chuma chochote kinachopoa. Nikafungua riwaya ya upelelezi niliyokuwa nimeiahirisha tangu mwaka jana. Nilivaa glavu mkono wa kushoto, mkono wa kulia nikauacha wazi kwa ajili ya kufungulia kurasa, na kila baada ya kurasa kumi glavu ikahamia mkono wa pili. Hivyo ndivyo nilivyosoma kurasa 90 kwa mkao mmoja, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipoacha shule. Umeme uliporudi saa mbili kamili, nakiri kwamba nilikereka, kwa sababu muuaji alikuwa bado hajajulikana.

Jioni ya pili ilikuja siku nne baadaye. Hapakuwa na ujumbe wowote, na mimi nikakaa kutazama sehemu ya saba ya tamthilia yenye sehemu kumi. Bibi mmoja mle alikuwa ameshika barua aliyoificha kwa miaka 30, na binti yake amesimama mlangoni, picha ikakatika. Baada ya dakika tatu umeme ulirudi. Ruta ikawasha taa yake nyekundu, ikafikiri, ikafikiri tena, na mpaka ipate intaneti dakika nyingine tano zilikuwa zimepita. Nikamrudia bibi na barua yake, umeme ukaenda. Ulipokwenda mara ya tatu nilizima kila kitu, nikakaa gizani bila kitabu, kwa kuwa taa ya kusomea nilikuwa sijaichaji, na bila usingizi, kwa kuwa muda wote nilikuwa nikisema kwamba sasa hivi utarudi. Mtu anayengoja umeme urudi hasomi. Hata mshumaa huona uvivu kuuwasha, maana anaamini kwamba akishauwasha tu taa nazo zitawaka.

Najua kukatika kwa muda mfupi namna ile si uzembe kila mara. Nimesoma kwamba tawi likigusa waya, au barafu ikidondoka na waya ukaruka na kugusana na mwenzake, kuna swichi kwenye nguzo inayokata njia ya umeme, ikangoja sekunde kadhaa, kisha ikajaribu kuiunganisha tena, na kwamba bila swichi hiyo hitilafu ya sekunde tatu ingekuwa ya saa tatu hadi fundi afike na gari lake. Naishukuru swichi. Ninachouliza ni kwa nini usiku ule haumo katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Katika kanuni ya upimaji inayotumiwa sana Amerika Kaskazini, kukatika kusikozidi dakika 5 huhesabiwa kuwa kwa kitambo tu, na hakuingii katika wastani wa dakika za giza kwa kila mteja. Nchi nyingi za Ulaya mpaka wao ni dakika 3. Iwapo nanyi mnatumia kipimo cha namna hiyo, basi kwenye taarifa yenu usiku ule wa bibi na barua ulikuwa usiku usio na dosari. Tawi linalogusa waya mara tatu kwa jioni moja ni tawi linaloomba kukatwa, na likikosekana kwenye takwimu hakuna atakayetumwa na msumeno.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa, kwamba nataka baridi isiwe na madhara. Januari 1998 mvua ya kuganda ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo katika jimbo la Quebec nchini Kanada, barafu ikajiviringisha kwenye nyaya mpaka minara ya chuma ya njia kuu ikaanguka, na wapo waliokaa zaidi ya siku 30 wakiwa hawana umeme. Hakuna ratiba ambayo ingeizuia mvua ile. Usiku wetu wa saa 11 nauweka katika fungu hilo, na mafundi waliopanda nguzo kwenye upepo ule sina neno nao ila shukrani. Lakini hata usiku huo kulikuwa na jambo moja lililowezekana. Baada ya saa chache mtandao wa simu nao ulitoweka, nadhani betri za mnara ziliisha, na ujumbe wenu wa kueleza hitilafu ilipo na muda wa matengenezo ulinifikia asubuhi, ukiwa umeandikwa saa tatu usiku. Redio ndogo ya betri ilikuwa mezani kwangu usiku kucha, ikipiga muziki. Kama tangazo lile lingesomwa redioni, ningejua kwamba nina usiku mzima mbele yangu, ningefungulia bomba maji yachuruzike kidogo yasigande, ningeiweka taa ndani ya blanketi kwa sababu betri hupungukiwa nguvu zikipigwa na baridi, na pengine ningesoma. Badala yake nilikaa nikiamka kila nusu saa kuchungulia dirishani kama taa za ng'ambo zimewaka.

Kutangaza giza mapema si ndoto. Uingereza, Februari 1972, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe, umeme ulikatwa kwa zamu na magazeti yakawachapishia watu maeneo na saa za kuzimwa, kwa hiyo aliyekuwa na gazeti alijua jioni yake itakuwaje. Desemba 1973 serikali ya nchi hiyo iliamuru hata televisheni zifunge matangazo saa nne na nusu usiku ili kuokoa umeme. Naamini watazamaji walinung'unika, ila walijua hadithi yao itakwisha kabla ya saa hiyo. Afrika Kusini, ambako mgao uliwasumbua watu kwa miaka mingi, ratiba zilipangwa kwa viwango na kwa vitongoji, kwa vipande vya saa mbili au zaidi kidogo, hata watu wakapanga mikutano na mapishi kwa kuzifuata. Wao wenyewe watakwambia kwamba mgao ni mgao na hauna raha. Lakini kati ya mgao unaoujua na mgao unaokuvizia, kila mmoja wao angechagua wa kwanza.

Na pale mpango unapokosekana, mzigo huwaangukia walewale. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mitambo mingi ya kuzalisha umeme ilizimika kwa baridi na mzunguko wa umeme katika gridi, yaani idadi ya mapigo yake, unaopaswa kuwa 60 kwa sekunde, ukashuka chini ya 59.4 kwa zaidi ya dakika nne. Ungebaki huko kwa dakika 9, mitambo mingine ingejizima na gridi nzima kuanguka. Wasimamizi wakaamuru kukata. Mgao ulitakiwa uzunguke, leo hawa kesho wale, ila njia nyingine za umeme zilikuwa na hospitali na huduma nyeti zisizoweza kuzimwa, na upungufu ulikuwa mkubwa mno, kwa hiyo waliozimwa mwanzo ndio waliobaki gizani kwa siku kadhaa. Baya zaidi, miongoni mwa walionyimwa umeme vilikuwamo vituo vya gesi iliyokuwa ikiilisha mitambo yenyewe, kwa kuwa havikuwa vimeorodheshwa kama huduma za lazima. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Nimetaja orodha kwa sababu ya jirani yangu. Ni mama mtu mzima, na usiku hulala na mashine ya kumsaidia kupumua, yenye betri ya akiba inayodumu saa chache. Jioni zenu za kutangazwa hazikumpa shida: betri ilikuwa imejaa, nasi tulikuwa tumekubaliana nani ataenda kumwangalia na saa ngapi. Usiku wa dhoruba mwanawe alikuja kugonga mlango wangu saa saba kuuliza kama nina jenereta. Sina. Tulimpata aliye nayo, tukaiweka nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wa jenereta iliyowashwa ndani huua watu kimyakimya kila majira ya baridi, tukapitisha waya mrefu mpaka kitandani kwake. Mimi giza la ghafla linanikosesha sura mbili za riwaya. Yeye linampa saa chache za kuhesabu. Sidhani kama jina lake limo katika orodha yoyote ofisini kwenu, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kila mnapojua, hata kwa kukisia, kwamba eneo fulani litazimwa, semeni siku moja kabla, kwa simu na kwa redio, mkitaja saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Mkibadili mawazo, semeni pia. Ratiba iliyorekebishwa mara mbili bado inanifaa kuliko ukimya. Zile jioni mbili mlizochelewa kuwasha, dakika 40 na dakika 55 kwa mujibu wa daftari langu, tungezivumilia kwa ujumbe wa mstari mmoja. Kukatika kwa muda mfupi nako kuandikwe na kuchapishwa hata kama kanuni haiwalazimishi. Wenye mashine za kupumulia waandikishwe kabla ya dhoruba nyingine. Tena tuambieni tufanye nini umeme unaporudi, kwa maana baada ya giza refu kila hita mtaani husubiri kuwaka kwa pamoja, na mzigo huo wa ghafla unaweza kuirusha tena njia mliyotoka kuitengeneza. Asubuhi ile baada ya dhoruba ndivyo ilivyotokea kwetu: uliwaka, ukakaa kama dakika moja, ukaenda tena kwa nusu saa. Watu wangeambiwa waache taa moja tu na kuwasha hita baadaye, nina hakika wengi wangetii. Nusu saa ile niliiandika peke yake, kama kukatika kwa 19.

Baridi bado ina wiki kadhaa. Tamthilia yangu imebakiza sehemu tatu, nimekwisha kuzipakua zote kwenye simu, na pembeni ya kitanda nina kitabu cha nne nilichokiacha ukurasa wa 61 kikingoja giza lenye saa yake. Taa ya kusomea sasa naichaji kila siku, kuwe na ujumbe kusiwe na ujumbe, na safu mpya ya mwezi huu katika daftari nimeshaipigia mistari.

Nategemea jibu lako kwa njia yoyote utakayoona inafaa, na nikitakiwa kulileta daftari ofisini, nitalileta.

Wako mtiifu,

Mteja wa umeme, msomaji wa jioni