Wauza dawa, tutajieni siku tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauzaji wa dawa, na zaidi niseme na msomaji ambaye muda huu ana kichupa cha dawa ya kupuliza puani mfukoni na hawezi kutoka nyumbani bila hicho.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka miwili iliyopita nilishikwa na mafua, pua zikaziba kiasi kwamba nililala nimeketi. Nikanunua dawa ya kuzibua pua, ile yenye oksimetazolini. Nilipuliza kila tundu, na baada ya dakika chache nilikuwa navuta hewa hadi kifuani. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata wiki nzima. Muuzaji alikuwa amenipa kichupa na chenji, akamwita mteja aliyefuata. Neno "siku tatu", yaani mwisho wa kutumia dawa hiyo, halikutamkwa. Ni kweli limeandikwa kwenye boksi, lakini mtu anayetafuta pumzi hasomi boksi.

Mafua yaliisha, pua ikabaki imeziba. Nikaamini mafua yamekuwa sugu, nikaendelea kupuliza. Dawa hiyo haitakiwi kuzidi mara mbili kwa saa 24. Mimi nilifika mahali pa kupuliza kila baada ya saa tatu. Nilikuwa na kichupa mkobani, kingine chini ya mto, cha tatu kwenye droo ya mashine pamoja na bobini. Siku moja nilishuka basi safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu nilipapasa mkoba nikakuta sikukibeba. Niliishi hivyo mwaka na miezi miwili, na sikumwambia mtu, kwani niliona ni dawa tu ya mafua, nani angenielewa?

Daktari wa masikio, pua na koo alimulika ndani akaniuliza: unapuliza nini, na tangu lini? Kisha akanieleza. Ndani ya pua kuna nyama laini zenye mishipa mingi midogo ya damu. Mishipa hiyo ikijaa, nyama huvimba na hewa hukosa njia. Dawa ile huibana, uvimbe ukanywea. Lakini ukiitumia siku nyingi mfululizo mishipa huizoea, na nguvu ya dawa ikiisha hutanuka upya, nawe unapuliza tena, na safari hii nafuu inadumu muda mfupi zaidi. Kilichokuwa kinaniziba pua miezi yote ile ni dawa yenyewe. Nililia mbele yake, kwa hasira na kwa nafuu pia, maana nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba kuna kitu kibaya kinaota kichwani mwangu.

Kuna wanaoacha kwa mkupuo. Mimi niliogopa, naye akanipa njia nyingine: kuacha tundu moja kwanza. La kushoto nikaliachisha kabisa, la kulia nikalipa dozi yake mara mbili kwa siku, ili usiku niwe na pa kupumulia. Papo hapo alinianzishia dawa nyingine ya kupuliza, ya jamii ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, iitwayo flutikasoni. Hiyo haileti mazoea ya namna ile. Ila haifungui pua papo hapo, huweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, na nadhani hapo ndipo wengi huitupa wakarudia kichupa cha zamani. Alinionyesha pia kuelekeza ncha upande wa nje, kuelekea sikio, na si kwenye ukuta wa katikati ya pua, ambao huchubuka na kutoka damu. Nikawa nasafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja, kwa sababu ya vijidudu.

Usiku tano za mwanzo zilikuwa ngumu sana. Niliongeza mto wa pili, nikaamka mara nyingi, nikashika kichupa gizani nikakirudisha. Siku ya tisa, nikiwa napiga pasi gauni la pamba lenye unyevu, nilisikia harufu ya ule mvuke kupitia tundu la kushoto. Nilisimama nikiwa nimeinua pasi. Nilikuwa nimesahau kwamba pamba ina harufu.

Baada ya hapo la kulia halikunishinda. Kufikia wiki ya tano sikuwa na kichupa popote. Tukagundua na chanzo cha chini: nina mzio wa vumbi la vitambaa. Sasa nakata nguo nikiwa nimevaa barakoa.

Wauzaji wa dawa, ninawaomba sentensi moja tu mnapotoa kichupa: "Usizidishe siku tatu, pua ikiendelea kuziba, rudi." Zipo dawa za jamii hiyo ambazo maelezo yake huruhusu hadi siku saba, basi itajwe hiyo saba. Muulizeni mteja kama ana shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au presha ya macho, kwa maana dawa hii hubana mishipa. Na mwambieni akifiche mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza hata mililita moja au mbili anaweza kulegea, mapigo ya moyo yakashuka na akahitaji hospitali haraka.

Nawe uliye na kichupa mkononi, usione haya kumwambia daktari ni miezi mingapi. Mwambie idadi kamili, na vichupa vyote, hata kile cha chini ya mto.

Fundi cherehani, msomaji wako